Karafuu ya kahawia haiko mtini, jamani

Leo tena. Mteja kanirushia picha WhatsApp, anataka nimdarizie foronya yenye tawi la mkarafuu, majani ya kijani kibichi na katikati karafuu za kahawia zimening'inia kama misumari, na si mgeni huyo, kwao Wete, Pemba! Tangu tufani ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja sie Wapemba ndo tumeibeba karafuu, halafu rangi yake hatuijui. Nshachoka kueleza kwa meseji mojamoja, naandika hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Kahawia ni rangi ya jamvini. Ishachumwa, ishachambuliwa makonyo, vile vikonyo vyake, ishaanikwa ikakauka. Mtini huanza kijani, ikapauka, ikaingia uwaridi mpaka inakaribia wekundu, na hapo ndo huchumwa kabla haijafunguka, maana ikifunguka ni ua, nyuzinyuzi nyeupe tele na bei imekwenda zake.

Sasa ugomvi wangu na sindano uko kwenye huo uwaridi. Kichala kimoja hakiivi sawasawa, hii bado kijani, jirani yake ishapiga wekundu, kwahiyo ukichukua waridi moja ukajaza vyote umeshona zabibu. Mie uzi wa darizi wenye nyuzi 6 naufumua, natia tundu moja la sindano uzi mmoja wa kijani na mmoja wa waridi, nashona vyote viwili pamoja, ikifika karafuu iliyoiva zaidi nautoa wa kijani naweka waridi mbili. Kiwiliwili najaza kwa urefu, kamwe usikate kwa upana itaonekana imevimba. Kichwa ni fundo, zungusha uzi mara mbili kwenye sindano uivute taratibu, halafu yale meno manne chini yake, mshono mfupi mmoja kila jino. Wengi wanayaruka meno. Bila meno hiyo si karafuu, ni njiti ya kibiriti.

Majani nayo, machanga hutoka na wekundu, sio kila jani kijani. Na ule mng'ao watu huniuliza umetumia kijani ngapi, moja tu! Nusu ya jani nyuzi zimelala huku, nusu zimelala kule, mwanga unamaliza kazi.

Kuna mjuaji ataniletea bendera ya Zanzibar ya Disemba 1963, duara la kijani na karafuu mbili za dhahabu. Sawa, ile ni alama, alama itie rangi utakayo. Ila ukishanichorea tawi na majani umeniambia huu ni mti, basi uwe mti.

Kinachonisumbua kweli ni kingine. Foronya zangu za waridi zikiwekwa dukani Mji Mkongwe wageni wanapita, hawajui ni nini, karafuu wao wanaijua ya kwenye pilau. Zile za kahawia za wenzangu zinanunuliwa. Na waridi kwenye jua la dirishani ndo huchujuka mwanzo, hilo dawa yake sijaipata. Kwahiyo dada wa Wete, kahawia nitakushonea, lakini nitakuchorea jamvi chini ya tawi na karafuu zako zimeanikwa humo, tawini siweki hata moja, na kwa sababu jamvi nalo ni kazi, bei inapanda.