Riwaya ya Kikristo si ya watakatifu peke yao: dhana potofu na ukweli wake

Riwaya ya Kikristo ikimwonyesha mchungaji mlevi, mke anayemdanganya mumewe au muumini aliyeacha kuomba, hawakosi wasomaji wanaoifunga kwa uchungu, wakihisi imani yao imedharauliwa. Hofu yao naielewa. Hata hivyo, mengi yanayosemwa kuhusu vitabu hivi hayana msingi, na yanawanyima watu usomaji ambao ungewafaa sana.

Dhana: Kumwonyesha muumini akitenda dhambi ni kuipamba dhambi

Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na Biblia yenyewe inaikanusha. Sura ya 11 ya Samweli wa Pili haifichi kitu. Daudi anamwona Bathsheba akioga, anamchukua, na mimba inapojulikana anamwita mumewe, Uria, kutoka vitani akitumaini atalala kwake. Uria anakataa. Daudi anamlevya, naye bado anakataa. Ndipo anapomkabidhi Uria barua ampelekee Yoabu, jemadari wa jeshi, na ndani yake mna amri ya kumweka mahali ambapo vita ni vikali ili afe. Mtu amebeba kifo chake mkononi na hajui.

Sura inayofuata ndiyo inayonigusa zaidi. Nabii Nathani anapotumwa kwa mfalme, haanzi kwa kumsomea amri. Anamsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu, kisha anaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Kisa cha kubuni chenye mhusika mwovu kilimfungua macho mfalme ambaye hakuna aliyethubutu kumkemea.

Kuipamba dhambi ni kuificha gharama yake. Chukua mfano wa mhazini wa kanisa anayechota fedha za ujenzi. Mwandishi mvivu atatuonyesha gari lake jipya. Mwandishi makini atatupeleka ibadani: kikapu cha sadaka kinamfikia, anatumbukiza noti kubwa kuliko kawaida yake, anahakikisha jirani ameiona, halafu wimbo unaanza na sauti haimtoki. Akisoma hapo, nani atatamani kuwa yeye?

Dhana: Mwishoni lazima mhusika aokoke na mambo yake yote yanyooke

Ni kweli kwamba wachapishaji wengi wa Kikristo hupenda mwisho wenye tumaini, nami naupenda. Lakini tumaini si lazima lifunge kila mlango. Katika Luka 15 mwana mpotevu amerudi na karamu inaendelea, ila kaka yake amesimama nje kwa hasira, baba anamsihi, na Yesu anaiacha hadithi hapo hapo. Hatuambiwi kama aliingia. Kitabu cha Yona nacho kinaishia kwenye swali.

Mwisho wa haraka unaumiza watu. Mhusika anapiga magoti ukurasa wa mwisho, na ghafla ulevi umekwisha, mke amesamehe, watoto wamesahau. Msomaji aliyeokoka miaka mingi iliyopita na angali anapambana na hasira yake atajiuliza wokovu wake una kasoro gani. Heri mwandishi amwache mhusika amesamehewa na Mungu, huku mwanawe bado hapokei simu yake.

Dhana: Haya ni mambo ya waandishi wa siku hizi

Mwandishi Mwingereza Graham Greene alichapisha riwaya ya The Power and the Glory mwaka 1940. Mhusika wake mkuu ni padre mlevi mwenye mtoto wa nje, anayesakwa na serikali nchini Mexico na bado anawapa watu sakramenti. Miaka ya 1950 Vatican iliikosoa riwaya hiyo, na bado imeendelea kusomwa na waumini wengi. Mwaka 1966 Shusaku Endo, Mkatoliki wa Japani, alitoa riwaya ya Chinmoku (yaani Ukimya), ambamo mhusika aitwaye Kichijiro anaikana imani tena na tena, na kila mara anarudi kumtafuta padre amwungamishe.

Dhana: Mhusika mwenye kasoro lazima awe na dhambi ya kutisha

Hapana. Katika riwaya ya Gilead ya Marilynne Robinson, iliyotoka 2004 na kushinda Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, mchungaji mzee John Ames haibi wala hazini. Kinachomtesa ni kijana aliyepewa jina lake, mtoto wa rafiki yake mkubwa, ambaye moyo wa Ames unakataa kumwamini. Anamwombea huku akimshuku. Kwangu mimi, kasoro ndogo ya namna hiyo huchoma kuliko kashfa, kwa sababu msomaji hawezi kujitenga nayo.

Dhana: Uhalisia ni matusi na mambo ya chumbani

Wachapishaji wengi wa riwaya za kiinjili huko Marekani huyakataa yote mawili, na bado hutoa hadithi za talaka, uraibu na msongo wa mawazo. Uhalisia uko katika nia za watu na matokeo ya matendo yao.

Dhana: Muumini aliyekomaa anapaswa kuvisoma vyote

Mtu aliyetoka juzi tu kwenye pombe ana haki ya kuiweka kando riwaya ya mlevi, hata kama imeandikwa vizuri namna gani. Paulo aliwaonya Wakorintho wasiwakwaze walio dhaifu, na onyo hilo linamhusu pia anayemwazima rafiki kitabu. Muulize kwanza anapitia nini.