Mtoto Ashike Kibodi: Kabla ya Kufungua Darasa la Kompyuta Mtaani

Pita kwenye duka lolote la steshenari lililo jirani na sekondari wakati dirisha la maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu Tanzania, limefunguliwa. Utakuta vijana wamejipanga, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti, wakisubiri mwenye duka awajazie fomu. Wengi wao wana simu janja, wanarushiana video, na vifurushi vya bei nafuu wanavijua kuliko wazazi wao. Lakini kufungua barua pepe, kuskani cheti, kukihifadhi kama PDF na kukiambatisha, hapo wanakwama. Mwenye duka hufanya yote. Nywila huchagua yeye na kuiandika kwenye daftari lake. Siku kijana akitaka kurekebisha taarifa zake, itabidi amtafute mtu yule yule na alipe tena. Kenya mambo ni hayo hayo kwenye saiba, msimu wa kuomba nafasi za vyuo (KUCCPS) na mikopo (HELB) unapofika.

Mtoto aliyekulia nyumba yenye kompyuta hujifunza haya kwa kuchezea tu. Asiye nayo anahitaji mahali pengine: shuleni, kituo cha vijana, chumba cha ziada msikitini au kanisani. Wanaotaka kuanzisha mahali hapo huja na swali moja: tununue mashine ngapi? Mimi ningependa swali hilo liwe la mwisho.

Wapo waliolitanguliza. Peru ilinunua mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato za watoto, na mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika (IDB) ikatoa utafiti uliofanyika katika shule 319 za msingi, nyingi zikiwa za vijijini. Watoto walikuwa wanazitumia kweli, ila alama zao za hisabati na lugha hazikupanda. Kenya nayo, kuanzia 2016, ilisambaza vifaa zaidi ya milioni 1 kwenye shule za msingi za umma zaidi ya 21,000, na shule nyingi ziliishia kuvifungia stoo, kwa sababu ya umeme, kwa sababu ya hofu ya wizi, au kwa sababu mwalimu hakupewa muda wa kuvizoea.

Mfano wa Tanga unafundisha zaidi. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 mkoani humo. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo la wasioweza kusoma lilikuwa limepungua kwa nusu. Wengi huitaja habari hii kama ushahidi kwamba mashine inatosha, mwalimu wa nini. Wanasahau kilichokuwa nyuma yake: programu zilizotengenezwa mahsusi kwa Kiswahili na kwa watoto wale wale, vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua kila kijiji, na watu wa kuvisimamia. Tena walichojifunza ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuandika barua ya maombi ya kazi ni somo jingine.

Sasa hesabu ambayo wafadhili hawapendi kuipiga. Una mashine 10, watoto 60, kipindi cha saa 2 kwa wiki. Wakiingia wote pamoja, kila mashine ina watoto 6, na kila mtoto anapata dakika 20 za kushika kibodi, tena hapo umegawa kwa haki. Kwa kweli haigawanyiki kwa haki: mmoja mwenye vidole vyepesi hushika, watano hutazama. Wagawe makundi matatu ya watoto 20, wawili kwa kila mashine, na kila mtoto atapata saa nzima. Hujanunua hata kipanya kimoja. Ulichoongeza ni saa nne za mwalimu kwa wiki, na fedha nyingi zingefaa kwenda huko.

Wawili kwa mashine moja ni bora hata ukiwa na mashine za kutosha. Mmoja anaandika, mwenzake anasoma maelekezo na kukamata makosa. Kila dakika 15 wanabadilishana, kwa kengele. Mwalimu naye afunge mikono nyuma. Akimnyang'anya mtoto kipanya "amwonyeshe haraka", kilichofanyika ni kazi ya mwalimu. Wasichana wawekewe zamu inayojulikana kwa siku na saa, isiyogongana na kuchota maji na kupika. Dhana ya "yeyote atakayewahi" huwapa nafasi wavulana wakubwa. Jambo hilo lilionekana hata Delhi, India, baada ya mtafiti Sugata Mitra kuweka kompyuta ya wazi kwenye ukuta wa mtaa wa Kalkaji mwaka 1999.

Siku ya kwanza, tafadhali, msianze na ubao wenye sehemu za kompyuta na historia yake. Nimeona madaftari yaliyojaa michoro ya kibodi ya watoto ambao kibodi yenyewe hawajaigusa. Wape kazi yenye mwenyewe: tangazo la mechi ya mtaa, bajeti ya kikoba cha mama, barua ya babu kwa serikali ya mtaa. Wadogo waanze na Tux Paint ya kuchora na Scratch ya kutunga programu. Zote mbili zina Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti. Programu za Kolibri na Kiwix nazo hukuwezesha kuweka masomo na Wikipedia kwenye mashine moja, wengine wakasoma kupitia mtandao wa ndani usiogharimu bando. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Inaniuma kwamba miaka 20 baadaye bado tunakaririsha menyu za Kiingereza.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Mtumba si tatizo, mradi mashine iwe na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 au zaidi na umeiwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwani virusi vya flashi ndivyo vinavyoua maabara nyingi. Mpakato hustahimili umeme ukikatika. Ya mezani itahitaji UPS, yaani betri ya akiba. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ilitoka 2012 kwa dola 35, lakini bei hiyo haina skrini, kibodi, chaja wala kadi. Na kwa kila shilingi ya mashine, tenga nyingine ya fundi, umeme na posho ya mwalimu.

Skrini zielekee mlangoni, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto. Kuhusu picha za kumtumia mfadhili: sura ya mtoto ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019, kwa hiyo mzazi aulizwe kwanza, kwa lugha anayoielewa, na akikataa mtoto aendelee na darasa kama kawaida.