Shimo la buibui halina mlinzi, lakini lina mwenyewe

Jioni moja ya mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imekatika kidogo, nilikuwa nakunywa chai kwenye nyumba ya wageni pale Tungamalenga, kwenye barabara ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kijana mmoja kutoka Dar es Salaam alisikia kwamba kazi yangu ni viumbe wa porini, akanifuata mezani na kopo la plastiki, lile ambalo wanafunzi hubebea chakula, kifuniko kimetobolewa kwa msumari.

"Shikamoo mama. Hebu niangalizie, huyu ni aina gani?"

Ndani kulikuwa na karatasi laini iliyoloweshwa maji, na juu ya karatasi buibui jike, miguu imetanda kama kiganja cha mtoto. Rangi yake ilikuwa ya vumbi lililochanganyika na majivu, na mgongoni ana mistari iliyosambaa kutoka katikati kama miale ya jua. Kopo lilipotikisika kidogo tu, aliinua miguu ya mbele, akajiegemeza nyuma na kuonyesha meno. Kijana akacheka kwa furaha. Alikuwa amewapa watoto wawili shilingi elfu mbili, wakaenda na jembe, wakarudi naye.

Nilikunja uso. Akaniwahi: "Lakini mama, ni nje ya hifadhi. Tena ni buibui tu."

Maneno hayo nimeyasikia Chunya, nimeyasikia Mufindi, nimeyasikia kwa wageni na kwa wenyeji. Ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tuanze na "nje ya hifadhi". Watu wengi wanaamini kwamba mnyama ana mwenyewe akiwa ndani ya mpaka wa hifadhi, na akivuka barabara anakuwa kama kuni zilizodondoka. Sivyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyama wote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye anayewashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. Mpaka wa hifadhi unabadilisha ukali wa masharti na nani anayekukamata, haubadilishi mwenye mali. Shimo likiwa kwenye ardhi ya kijiji, kwenye eneo la jumuiya ya uhifadhi kama MBOMIPA, au kwenye shamba la mahindi la mjomba wako, aliyemo ndani bado si wako. Mwenyekiti wa kijiji hana uwezo wa kukupa, mwenye shamba hana, na wale watoto wa jembe ndio kabisa hawana. Walichouza ni jasho lao.

Halafu "buibui tu". Katika sheria hiyo neno mnyama linabeba wenye uti wa mgongo na wasio nao, pamoja na watoto wao na mayai yao. Msinielewe vibaya: hakuna askari atakayekufuata kwa sababu ulimfagia buibui sebuleni. Lakini kumkamata mnyama wa porini kwa nia ya kumfuga, kumuuza au kumsafirisha kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na kumtoa nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Wanaodhani wataponea kwa kumkausha na kumchoma pini wajue kwamba sheria inapotaja nyara inamhesabu mnyama hai na mfu, na viungo vyake.

Zamani njia ya kibali ilikuwapo na ilikuwa na foleni. Wafanyabiashara wenye leseni walisafirisha mijusi, vinyonga, jongoo na buibui kwenda Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Kisha likaja lile la twiga waliopandishwa ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Qatar mwaka 2010, jambo ambalo hakuna Mtanzania aliyelisahau, na mwaka 2016 serikali ikafunga biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwezi wa sita mwaka 2022 ilitangazwa kwamba wenye wanyama waliobaki mazizini wangeruhusiwa kuwasafirisha kwa muda. Kelele zikapigwa, tangazo likasitishwa mara moja. Mtu akikuambia kwamba anafahamiana na mtu wa kibali cha haraka pale Tunduma au Kasumulu, anauza karatasi.

Hoja ambayo wapenzi wa buibui huitoa kwa kujiamini ni ya CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Yule kijana aliijua vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliniambia kwamba buibui wakubwa wa Mexico wa jenasi Brachypelma wamo kwenye orodha, na wale wa India na Sri Lanka wa Poecilotheria waliingizwa mwaka 2019, lakini hawa wa kwetu hawamo. Ni kweli kabisa. Ila CITES ni mlango wa forodha, si hati ya kumiliki. Kutokuwamo kwenye orodha kunamaanisha tu kwamba mataifa hayajakubaliana masharti ya pamoja juu ya aina hiyo. Hakufuti sheria ya nchi alikochimbwa. Na ukifika nao mbali, mkono wa sheria hiyo unaweza kukukuta hukohuko. Marekani wana sheria ya tangu mwaka 1900, iitwayo Lacey, inayofanya kuwa kosa kuingiza kiumbe aliyechukuliwa kinyume cha sheria za nchi nyingine.

Anayedhani mahakama haziwezi kuhangaika na vidudu aangalie majirani zetu. Mwezi wa nne mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha, Kenya, na siafu? Hapana, hata siafu hawakuwa: sisimizi wavunaji wa mbegu wapatao 5,000, wamepangwa kwenye vichupa vyenye pamba. Mwezi uliofuata wao na wenzao wawili wa kesi kama hiyo walihukumiwa kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Mwezi wa 11 mwaka 2024 huko Lima, Peru, abiria mmoja alikutwa amejifunga kiunoni buibui wakubwa 320 na tandu 110. Najaribu kuwaza safari yake ya teksi kwenda uwanjani na nashindwa. Posta nako siyo njia: kanuni za posta za kimataifa zinaruhusu viumbe hai wachache sana kwenye bahasha na vifurushi, kama nyuki, ruba na viwavi wa hariri.

Basi tuiweke sheria pembeni, maana najua wapo watakaosema sheria ni ya watu wa ofisini. Twende shimoni.

Huyu buibui wetu wengi hawamjui jina. Makaburu wa Afrika Kusini walimwita buibui nyani, kwa kuwa ncha za miguu yake, zenye manyoya na weusi chini, ziliwakumbusha vidole vya nyani. Huku kwetu yupo zaidi kwenye maeneo makavu yenye joto, miombo na vichaka vya kuelekea Ruaha, Usangu na Chunya, kuliko kwenye baridi ya Rungwe. Ukitaka kumwona, toka usiku na tochi, tembea polepole, tafuta shimo la upana unaozidi kidole gumba kidogo, lenye utando mweupe kuzunguka mdomo kama kitambaa kilichopindwa. Hana kazi ya kutega nyuzi angani. Anakaa pale mlangoni, miguu miwili imegusa utando, anasikiliza mtikisiko wa mende na panzi. Ukikanyaga kwa kishindo unabaki na shimo tupu. Kabla hujainama ameshazama.

Jike huchimba shimo hilo angali mdogo na hulipanua kadiri anavyojivua gamba na kukua. Wengi wa jamii hii huchukua miaka kadhaa kupevuka, na majike hufikisha miaka 10, hata 20 na zaidi. Ndugu yao mmoja wa Australia, wa kundi la buibui wanaoweka kifuniko kwenye shimo, alifuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1974 akiwa kwenye shimo lilelile, akafa na miaka 43. Na hata hapo hakufa kwa uzee, aliuawa na nyigu. Madume hayana maisha hayo. Dume akishapevuka huliacha shimo lake na kuzurura usiku kutafuta majike, na hana muda mrefu wa kuishi baada ya hapo. Ndiye huyo unayemkuta bafuni msimu wa mvua.

Sasa fikiria jembe linamfuata nani. Halimfuati dume anayekufa kesho. Linafuata shimo kubwa, lenye utando mzuri, yaani jike mkubwa mwenye mayai au mwenye miaka mingi ya kutaga mbele yake. Watoto wa buibui huyu hutawanyika kwa miguu, hawaendi mbali, kwa hiyo kilima kimoja huwa kama ukoo mmoja. Ukichimba mashimo 15 ya kilima hicho kwa wiki moja, hakuna wageni watakaohamia kuziba pengo. Na jembe huacha udongo umefumuka kiasi kwamba hata mdogo aliyebaki hapati ukuta wa kushika.

Kuna mfano ulio wazi kuliko huu, ingawa ni wa Morogoro. Msitu wa Kimboza una mjusi mdogo wa rangi ya buluu, aliyependwa sana na wafugaji wa Ulaya. Anaishi kwenye miti ya mkadi, na wakamataji, kwa kuwa hawakuweza kumfikia juu, walikata miti. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi isiyopungua 32,310. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES zilimpandisha kwenye daraja la juu la ulinzi. Huku nyanda za juu tuna viumbe wenye makazi madogo vilevile: kinyonga mmoja alitambuliwa rasmi kisayansi mwaka 2009 tu na anajulikana kutoka milima ya Poroto, ile ambayo watu hupanda kwenda kuona ziwa Ngosi. Msitu wake unaweza kuumaliza kwa siku chache ukiwa na watoto wa kutosha na noti za elfu mbili.

Sisemi kwamba kuchukua ni dhambi kila mara. Vyura wa Kihansi wanatukumbusha kinyume chake. Mwaka 2000, maji ya maporomoko yao yalipopungua kwa sababu ya bwawa la umeme, serikali iliruhusu vyura 499 wapelekwe Marekani wakazalishwe. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 vizazi vya wale 499 vilianza kurudishwa. Kilichofanya uchukuaji ule uwe wa heshima ni kwamba ulikuwa na sababu, hesabu, karatasi na njia ya kurudi. Mwanafunzi au mtafiti mwenye haja ya sampuli anayo njia hiyo: TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa kibali cha utafiti, pamoja na ruhusa ya mwenye mamlaka ya eneo. Inachosha, nakubali, nimeisubiri mara nyingi hadi mvua ya msimu ikapita.

Na kwa anayetaka tu kufuga? Buibui nyani wa rangi ya chungwa, ambaye wafugaji wa nje wamempa jina la Usambara, amezaliana mikononi mwao kwa miaka mingi na anauzwa huko akiwa mtoto wa kizimbani. Hakuna sababu ya kuja kumfukua kwetu.

Waongoza watalii na ndugu zetu wa bodaboda, mgeni akiomba "vidudu", mpelekeeni tochi na muda, na bei iwe ya kutembezwa usiku. Mkipiga picha, zimeni kwanza kitambulisho cha mahali kwenye simu, msiandike jina la kilima mtandaoni. Wapo wanaosoma picha hizo wakiwa na jembe mkononi. Na mkono wenu msiutie shimoni: anauma, maumivu ni makali na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Sijui mtu aliyekufa kwa kuumwa naye, lakini nenda zahanati, usichanje wala usifunge kamba, na jiwe jeusi libaki kwa babu.

Yule wa kopo tulimrudisha usiku uleule, tukiwa na askari wa wanyamapori niliyempigia simu na mtoto mmojawapo aliyekumbuka mahali. Kijana wa Dar aliandika maelezo yake na kupewa onyo. Angeweza kukutana na mtu mkali zaidi. Shimo lilikuwa limeharibika. Hatukumpeleka penye shimo zuri la mbali, kwa sababu buibui aliyehamishiwa kilima kingine anakuwa mgeni mwenye magonjwa yake kwenye ukoo wa watu. Askari alichokoa udongo kwa kijiti, kwa mlalo, hatua mbili kutoka pa zamani, tukainamisha kopo. Alikaa mlangoni kama dakika kumi bila kusogea. Kisha akaingia kinyumenyume.

"Mama," mtoto akaniuliza tukirudi, "ile elfu mbili inabidi nimrudishie?"

Nilimwambia hapana, lakini asichimbe tena.

Ukimkuta nyumbani kwako, hasa dume wa mvua, mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake, mtoe nje umwachie kando ya ukuta huohuo. Kama unamwona mtu anawanunua, toa taarifa ofisi ya TAWA, yaani mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au ya maliasili ya wilaya iliyo karibu, ukitaja mahali, namba ya gari na idadi uliyoiona.