Sungura kazaa kwenye baridi, nifanyeje? Maswali na majibu

Sungura wangu kazaa na baridi ndo kali hivi, vitoto vitapona kweli?

Vitapona, ila kiota ndo kinaamua kuliko hata hali ya hewa. Sungura mkubwa baridi haimsumbui kihivyo, shida yake ni upepo unaompiga moja kwa moja na kulowana. Vitoto sasa, vinazaliwa uchi kabisa, macho yamefumba, na siku 7 hadi 10 za mwanzo miili yao haiwezi kutunza joto yenyewe, vinategemea kulaliana na yale manyoya mama anayojinyofoa tumboni. Katikati ya kiota inabidi pawe na joto la nyuzi 30 hivi hata kama nje watu wanatetemeka.

Boksi la kuzalia liweje?

Dogo. Watu wengi wanaweka boksi kubwa wakidhani wanamhurumia, matokeo yake vitoto vinatawanyika na kila kimoja kinapoa kivyake. Urefu sentimita 45 na upana kama 25 hadi 30 inamtosha jike wa kawaida, chini toboa vitundu ili mkojo utoke, mwaga maranda makavu ya kutosha halafu jaza nyasi kavu juu yake, kisha sukuma ngumi kule nyuma upate shimo. Liweke siku ya 28 tangu apandwe, maana mimba inaenda siku 31 hivi. Pamba na vitambaa vyenye nyuzi achana navyo, nyuzi zinajiviringisha miguuni zinakata damu.

Kama mama hajanyofoa manyoya ya kutosha, mnyofoe mwenyewe taratibu kuzunguka chuchu, siku hizo yanatoka kirahisi. Na ukiwa na jike mwingine aliyenyofoa mengi, hifadhi ya ziada yakiwa safi na makavu, yatakufaa.

Mbona mama hakai na watoto? Amewakataa?

Hapana, ndivyo alivyo. Ananyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika 3 hadi 5 tu, mara nyingi usiku au alfajiri, halafu anajiendea zake. Wewe angalia matumbo asubuhi: aliyeshiba tumbo limejaa kama puto na kwa kuwa ngozi ni nyembamba unaona hadi weupe wa maziwa kwa ndani, mwenye njaa tumbo limebonyea na ngozi imejikunja mikunjo. Ushike usiogope, sungura wa kufugwa hawatupi watoto kisa harufu ya mkono wako, nawa tu kwanza usije na harufu ya mbwa. Aliyekufa mtoe hapohapo.

Nimekuta kitoto nje ya kiota kimepoa, hakitikisiki. Ndo basi?

Subiri, usitangaze msiba. Mara nyingi mama anaruka kutoka kiotani na kitoto bado kimeng'ang'ania chuchu, kinadondokea mbali, na sungura hana tabia ya kubeba watoto kwa mdomo kama paka, kwahiyo kitabaki hapo hapo hadi wewe ukione. Kipo cha baridi na kigumu lakini moyo unaweza kuwa bado unapiga polepole sana. Kiweke ndani ya nguo kigusane na ngozi yako, au kwenye chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo. Kama kimepoa sana chovya mwili kwenye maji ya uvuguvugu, joto la mwili tu, kichwa kikiwa juu muda wote, halafu kikaushe vizuri kabisa maana kikirudi kiotani na unyevu umefanya kazi bure. Usikipe maziwa kikiwa bado cha baridi, hakiwezi kumeza vizuri wala kusaga, yataingia kwenye mapafu. Kikianza kujinyonganyonga na kuwa na rangi ya pinki, kirudishe katikati ya wenzake.

Naweza kuwasha taa ya joto?

Mimi siipendi. Nyasi kavu na taa ya moto ni njia fupi ya kuchoma banda, na vitoto vikizidiwa joto vinakosa pa kukimbilia. Bora uzibe upande upepo unapotokea, na uongeze nyasi. Ila usizibe banda zima! Hewa ya mkojo ikijifungia humo inaunguza mapafu, mafua yanaanza hapo, kwahiyo juu acha wazi.

Na mama mwenyewe?

Maji, maji, maji. Anayenyonyesha anaweza kunywa hata lita moja au zaidi kwa siku, akikosa maziwa yanakauka. Maji yakiganda mpelekee ya uvuguvugu asubuhi, mchana na jioni. Nyasi kavu zisiishe, na chakula cha dukani mwongezee kidogo kidogo, sio kumjazia siku ya kwanza. Papasa chuchu zake: ikiwa ngumu, ya moto, nyekundu, na hataki watoto wasogee, hayo ni maambukizi, muite daktari wa mifugo leo leo. Akifa, vitoto wape jike mwingine aliyezaa karibu siku zile zile, tofauti isizidi siku 2 au 3.

Boksi nitoe lini?

Macho yanafunguka siku ya 10 hadi 12, wiki ya tatu wanatoka wenyewe. Baridi ikiwa bado ipo liache tu, ila badilisha matandiko, yameshalowa hayo.