Kunakili kwa Hati Nzuri Si Kurekebisha Insha

Nimeletewa tena. Rasimu ya pili, hati imenyooka, hakuna neno lililokatwa, na kauli ninayoijua kwa moyo: "Mwalimu, nimeirekebisha." Nikaziweka rasimu mbili sambamba mezani. Aya ni zilezile, mpangilio uleule, hoja dhaifu ya tatu imekaa palepale. Kilichobadilika ni tahajia ya maneno manne hivi, na "alisema" limekuwa "alinena".

Mwanafunzi simlaumu. Tangu shule ya msingi ameona wino mwekundu ukizungushiwa makosa ya hijai na sarufi, kisha akaambiwa aandike upya bila makosa hayo. Akafanya alivyoambiwa. Ninaokasirishwa nao ni walimu wenzangu wanaosisitiza kwamba mwandishi hodari huandika mara moja, safi, na kwamba rasimu yenye mikwaruzo ni dalili ya kichwa kizito.

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Nancy Sommers, alilinganisha wanafunzi wa chuo na watu wazima waliozoea kuandika. Wanafunzi walihangaika na maneno: hili litoke, lile liingie. Wazoefu walitafuta kwanza umbo la hoja yao, na walijiuliza msomaji ataipokeaje. Mwaka uliofuata watafiti wengine, Linda Flower na John Hayes, wakaeleza kwamba kupanga, kuandika na kupitia havifuatani kwa foleni. Mwandishi huvirudia wakati wowote. Hayo tuliyasoma chuoni, tukayafanyia mtihani, tukayaacha hukohuko.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe: msomaji. Mwanafunzi anayeandikia mwalimu peke yake anaandikia mtu ambaye tayari anajua jibu na amelipwa asome hadi mwisho. Atabadilisha mpangilio kwa ajili ya nani? Kwa hiyo darasani kwangu rasimu hubandikwa ukutani, na kila anayeisoma lazima aandike swali chini yake. Sifa haziruhusiwi, marekebisho ya tahajia hayaruhusiwi. Swali tu, tena la kitu ambacho msomaji anataka kukijua kweli.

Msichana mmoja aliandika kuhusu mafuriko mtaani kwao. Alianza na jua lililochomoza na ndege walioimba, ule utangulizi tunaowakaririsha mpaka wanauota. Katika aya ya nne, kwa kupita tu, akataja mama aliyetoka nyumbani na gunia la unga kichwani, godoro akaliacha maji yalichukue. Mwenzake akauliza: "Kwa nini aliokoa unga kabla ya godoro?" Rasimu iliyofuata ilianza na unga. Jua na ndege hawakuonekana tena, na aya mbili za mwisho alizitupa mwenyewe, kwa sababu hazikuwa na la kumwambia yule aliyeuliza. Sikuwa nimemwambia chochote. Ningemsahihishia sarufi kwanza, angenirudishia ndege walewale, wakiimba kwa upatanisho sahihi wa kisarufi.

Hijai ina siku yake, na siku hiyo ni ya mwisho. Hakuna maana ya kunyoosha sentensi ambayo kesho itafutwa.

Nina mashaka, na sitayaficha. Karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, inampa mtahiniwa saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja alama 20. Hapo hakuna ukuta wala mwenzake wa kumuuliza swali. Naamini anayezoea kuulizwa hujifunza kujiuliza akiwa bado anapanga, lakini siwezi kuthibitisha kwamba ndicho kinachotokea chumbani mle. Pia wapo wanafunzi dhaifu ambao maswali huwazidia: wakiulizwa matatu wanayajibu yote matatu, kila jibu katika aya yake, na insha inavurugika kuliko ilivyokuwa. Hao nawachagulia swali moja, nikibahatisha lipi ndilo.

Rasimu ya kwanza siipi alama. Wazazi hulalamika, na mwalimu mmoja alishasema ofisini kwamba nakwepa kazi ya kusahihisha. Aje akae na rasimu za darasa zima, atafute katika kila moja ile aya ya nne ambayo mwandishi mwenyewe hajaiona, kisha aulize swali bila kumpa jibu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya jioni, na ni ngumu kuliko kuzungushia makosa.