Vitundu vya ngozi havina mlango
Katika saluni za Moshi, bibi harusi huinamishwa juu ya beseni la maji ya moto, amefunikwa khanga kichwani, ili mvuke ufungue vitundu vya uso, kisha hunawishwa maji baridi ili vijifunge. Imani hiyo ni ya siku nyingi, lakini vitundu hivyo havina msuli wa kuvifungua wala kuvifunga. Mvuke hulainisha tu mafuta yaliyoganda, na ukizidi huunguza. Hata vidoa vyeusi vya puani si uchafu (kuvisugua kwa dodoki ni kujiumiza bure), bali ni mafuta na seli zilizokufa, zilizobadilika rangi baada ya kukutana na hewa. Kinachovipunguza ni asidi ya salisiliki, dawa ya kupaka kwenye ngozi, ambayo huyeyuka katika mafuta na hivyo kupenya ndani ya kitundu.