Kabla Hujabandua Lipu ya Ukumbi wa Zamani

Malalamiko yanayotufikia kuhusu ukarabati wa kumbi za zamani za maonyesho na sinema jijini Dar es Salaam mengi ni ya wamiliki waliokuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI. Utetezi ni uleule: jengo halijatangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa la kulindwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa waziri anapoyatangaza. Mji wenyewe ulianza kujengwa na Sultani Majid miaka ya 1860, kwa hiyo hapa karibu kila jengo ni la kutangazwa. Ila kutotangazwa hakukuondolei wajibu wa kuomba kibali cha ujenzi. Hili tumelisema mpaka sauti imekauka.

Maombi yanapelekwa halmashauri yakiwa na hati ya umiliki, michoro ya jengo lilivyo sasa na michoro ya mabadiliko, michoro yote iwe ya mbunifu majengo aliyesajiliwa. Jengo lililotangazwa linahitaji pia ridhaa ya maandishi ya mamlaka ya mambo ya kale. Michoro ipite Zimamoto, kazi apewe mkandarasi aliyesajiliwa. Risiti ya malipo ya maombi si kibali. Anayeanza kazi na risiti mkononi anaweza kusimamishwa, kushtakiwa na kuamriwa abomoe alichoongeza kwa gharama zake.

Fundi akikwambia kuta za matumbawe na chokaa, kama zile za Boma la Kale, jengo kongwe la hapa jijini, zinataka lipu ya saruji "ziwe imara", mshukuru na utafute mwingine. Saruji huziba ukuta. Unyevu unaopanda na chumvi yake hukosa pa kutokea, lipu inatutumka, ukiigonga inalia utupu, na ikibanduka hutoka na ngozi ya jiwe. Kumbi za zege za karne iliyopita zina tatizo jingine: chumvi ya bahari hutafuna nondo ndani kwa ndani, ufa mwembamba ukafichwa kwa rangi. Mhandisi apime kwanza. Beit al Ajaib, jumba la kihistoria la Zanzibar, iliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, ikiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki.

Watazamaji wa leo wanataka kiyoyozi, viti vipana na sauti safi. Ni haki yao. Lakini mmiliki anang'oa sakafu ya mbao, anaweka tailizi, ukumbi unaanza kutoa mwangwi, kisha ananunua spika kubwa zaidi!

Njia ya viti vya magurudumu mara nyingi hupatikana ubavuni bila kugusa sura ya mbele. Milango ya dharura ifunguke kwa nje na isifungwe minyororo kuzuia wasio na tiketi. Zimamoto wakiukuta mnyororo huo watazamaji wakiwa ndani, kibali ulichotundika kwenye fremu hakitakusaidia.